Chungu cha Arbaini

Jumatatu, 1 Septemba

Nimechagua maharage tangu alfajiri. Mawe matatu, na yaliyotobolewa na wadudu kiganja kizima. Haya aliyoleta wifi Hadija ni ya mwaka jana, yataiva kesho kutwa. Sokoni ningemrudishia muuzaji mbele ya watu. Lakini sokoni siendi. Leo siku ya kumi na tisa ya eda. Zimebaki mia na kitu.

Kaye hii ya kuandikia nimepewa na binti yangu Zaituni kabla hajarudi Bujumbura. Ati mama, andika, utoe ya moyoni. Haya, natoa. La kwanza: nimechoka kumwona Rehema jikoni kwangu.

Muke mwenzangu. Miaka sita yeye kwake, mimi kwangu, mume wetu Saidi anazunguka zamu zake, tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri. Ziwa lilipopanda likaingia nyumba yake ya kule chini, Saidi akampangia chumba. Saidi alipokufa, wifi yangu Hadija akasema wajane wa mume mmoja hawakai eda huku na huku kama kuku waliotawanyika. Akamleta hapa na godoro lake. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kulia, nikasema sawa. Ningesema hapana.

Nyumba moja. Jiko moja la makaa. Chungu kimoja.

Jumanne, 2 Septemba

Zamu yake ya kupika. Nilikaa chumbani nisione. Nikaona.

Nyanya nne. Nne! Karoti. Poavro, yale mapilipili makubwa yasiyo ukali wala maana. Kwanza akatia mafuta meupe ya chupa, mawese kijiko kimoja mwishoni, kwa rangi. Kwa rangi! Tuko Rumonge, michikichi iko mpaka nyuma ya choo, mwanaume aliyetuoa alikuwa anauza mawese, na mutu anatia mawese kwa rangi.

Halafu juu ya uji wake ule akaweka pilipili mbuzi moja, nzima, na kikonyo chake. Ikaelea. Baadaye akaitoa kwa kijiko, taratibu, isipasuke, akaitupa.

Nikamuuliza, hiyo umeipika au umeiogesha? Akasema ndivyo nilivyozoea, bi mkubwa. Alivyozoea wapi? Amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wamerudi juzi juzi tu, anatuletea upishi wa msaada.

Pilipili nzima ni woga. Mutu anataka jina la pilipili, pilipili yenyewe hataki.

Nilikula ugali na chumvi. Heri.

Alhamisi, 4 Septemba

Hadija amekuja na makaa na habari. Arbaini ni Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Pilau hakuna. Wazee wa msikiti wamesema Saidi alikuwa mtu wa maharage, kila Ijumaa alikuwa anawalisha maharage wapakuzi wa mawese baada ya sala, basi na hitima yake iwe ya maharage na wali mweupe. Nikasema sawa, na hilo limenipoza moyo. Maharage hayo ya Ijumaa nilikuwa napika mimi.

Halafu akaleta la pili. Mmoja wetu ndiye apike. Yeye ataonja kwanza vyungu vyote viwili, Jumatano, ndipo aseme.

Aonje! Mimi nimeuza maharage soko la Rumonge miaka kumi na minane. Wachuuzi wa samaki kutoka Magara wanashuka kwenye gari hawajanyoosha miguu, wanauliza kwa Mwajuma iko wapi. Leo niwekwe kwenye mstari na mtoto wa juzi, tuonjwe kama uji wa mgonjwa.

Hapa kwetu mwenye chungu ndiye mwenye msiba. Wanawake wakija hitimani wanaingia kwanza jikoni, wanampa pole aliyeshika mwiko. Ndiye muke. Mwingine anakaa mkekani na wageni. Miaka thelathini na moja na Saidi, halafu nikae mkekani? Haki ya Mungu sikai.

Ijumaa, 5 Septemba

Adhana. Wanaume wanapita kwenda msikitini. Hakuna sahani ya mtu yeyote ya kupeleka.

Rehema amefua nguo zangu bila kuambiwa. Nimezifua tena.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika chungu kinavyopikwa, maana Zaituni hajui, na huyu aliyeko hapa hataki kujua.

Maharage ya mlimani, mekundu, ya msimu huu. Yalale kwenye maji. Yachemke kwa moto mdogo, na maji ya kuongeza yawe ya moto, ukitia baridi yanagoma. Chumvi isiguse mpaka yaive. Nani hajui hilo? Rehema hajui, anatia mwanzo.

Mawese ya kukamuliwa kwa miguu, siyo ya mashine. Yawe mengi. Yaweke kwenye sufuria kavu mpaka ule wekundu upungue kidogo na harufu ya ubichi iondoke. Ukiharakisha hapo umeharibu kila kitu, watu watakula na koo litawakwaruza siku mbili. Kitunguu kimoja, basi. Ndagala kavu za ziwani zilizoondolewa vichwa. Halafu pilipili.

Pilipili kichaa, zile ndogo, zimetwangwa na chumvi ya mawe mpaka zimekuwa uji. Zinaingia kwenye mafuta, siyo juu ya mchuzi. Zikaangike. Jirani wa tatu apige chafya. Asipopiga chafya, ongeza. Ndipo maharage yaingie na maji yake, na ntore zilizopasuliwa katikati, zile bilinganya ndogo chungu za kijani. Nyanya hakuna. Nyanya zinatia uchachu na kuficha uvivu wa mpishi.

Mutu akila hayo anatoka jasho, anafuta, anarudia. Saidi alikuwa anafuta kwa kitambaa chake cheupe, anasema mashallah, anaomba maji, anarudia. Miaka thelathini na moja.

Leo nilipika hivyo. Nyumba yote ilinuka, na ilivyo sasa udi hatuchomi kwa ajili ya eda, hakuna harufu nyingine ndani. Nikajisikia mtu. Rehema akala ugali mkavu, akasema tumbo. Kila siku tumbo. Ana tumbo la kioo.

Jumatano, 10 Septemba

Hadija ameonja.

Cha Rehema alikula vijiko vitano. Akasema haya ni laini, hata mwenye meno mabovu anakula. Cha kwangu alikula kimoja. Akakohoa. Akanywa maji kikombe kizima, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema: "Mwajuma, mkono wako ni ule ule." Ndiyo maneno gani hayo? Sifa au tusi?

Nikasema wifi, nyanya nne zile huzioni? Iko nini mule ndani, saladi? Akanijibu kwa ile sauti yake ya kuchezea watu: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Rehema akainama akacheka. Kidogo tu, puani.

Nikatupa mwiko. Sikumtupia mtu. Niliutupa ukutani, ukavunjika, mchuzi ukaruka mpaka kwenye shuka zilizoanikwa.  Hadija akachukua mkoba wake akaondoka hata chai hajanywa.

Sijutii. Mwiko ulikuwa wangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Ni mimi. Hadija ametuma neno kwa simu: Mwajuma apike, watu wamezoea mkono wake.

Alhamdulillahi. Nilimwambia Rehema nikiwa nimesimama mlangoni makusudi. Akasema hongera, bi mkubwa. Hakununa hata. Hiyo nayo imenikera. Mutu akishindwa anune, tujue kashindwa.

Nimeagiza pilipili kichaa beseni zima. Watakula wakumbuke.

Jumapili, 14 Septemba

Herufi hazikai leo. Nitaandika tu.

Asubuhi nilikuwa uani natwanga. Beseni zima, kitambaa puani, macho yanatoka maji. Rehema akaja akasimama. Nikasema ukitaka kusaidia lete chumvi. Hakwenda. Akasema:

"Bi mkubwa, punguza. Kwa heshima yake tu. Marehemu alikatazwa pilipili."

Nikasema nani alimkataza.

"Daktari. Mwaka wa pili huu. Tumbo lilikuwa na vidonda."

Nikasema muongo. Saidi amekula kwangu mpaka juma alilokufa, amerudia sahani. Akasema anajua. Akasema kila akitoka kwangu alikuwa anafika kwake ameshika tumbo, anampa maziwa, analala chali mpaka litulie. Kila zamu. Miaka miwili. Karatasi ya daktari iko kwenye sanduku lake. Akaenda akaileta.

Kifaransa nasoma kidogo. Jina la Saidi nilisoma. Tarehe nilisoma. Neno la pilipili nilisoma, limepigiwa mstari mara mbili.

Mchi ulikuwa mkononi. Namshukuru Mungu ulikuwa mzito, sikuweza kuuinua haraka.

Nilipiga kelele. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia mchawi, nilimwambia mwizi, nilimwambia ulikuwa unafurahi, ukae na siri yake kama pesa kwenye kitambaa, mimi nimuunguze, wewe umpoze, nani asingekupenda? Kwa nini hukuniambia? Ungenipigia hata simu! Ungemtuma mtu! Akasema Saidi alimwapisha. Kwa nini? Akatazama chini. Kwa nini! Nikamshika mkono.

"Alisema hataweza kelele zako."

Basi. Hayo tu.

Pilipili zote nimezimwaga nyuma ya choo. Mikono inawaka mpaka sasa, nimejishika uso nao, nimeoga mara mbili, bado.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikupika. Sikula. Rehema ameweka sahani mlangoni pangu, nimeiacha mpaka sisimizi wakaja.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekaa nakumbuka. Jasho lile. Kile kitambaa. Maji aliyokuwa anaomba, mtungi mzima, nami nikijivuna, nikimwambia mgeni ona, mume wangu anaipenda mpaka inamtoa jasho. Alikuwa anarudia sahani. Nani alimwambia arudie? Ah, mimi. Nilikuwa namwongezea kabla hajamaliza. Asipomaliza nilikuwa nauliza umekula wapi.

Swali moja haliniachi tangu juzi. Je, nilimuua?

Mchana amekuja Bi Salama kutoa pole, jirani wa nyuma, anafanya kazi dispanseri, siku Saidi alipoanguka dukani ndiye aliyekwenda naye kwenye gari. Sikumzungusha. Nikamuuliza: ni pilipili yangu? Akanitazama sana. Akasema hapana. Ni tansiyo, presha ya damu, ilipasua mshipa kichwani, vidonge vya tansiyo alikuwa anavisahau dukani. Tumbo ni jambo lingine. Nikamwambia niapie. Akaapa. Akasema pilipili yako ilimuunguza, Mwajuma, lakini haikumuua.

Nilimshukuru. Murakoze, murakoze sana, mpaka akaona aibu. Nikafunga mlango nikalia kama nimefiwa leo.

Halafu nilipomaliza kulia hasira ikarudi, na sasa imejua njia. Sikumuua. Sawa. Lakini aliniogopa. Mwanaume mzima, mwenye duka, aliyekuwa anabishana na maaskari wa barabarani mpaka wanamwachia gari, ameona afadhali tumbo liungue kuliko kuniambia mimi neno moja. Punguza. Ni neno moja tu! Nilikuwa nani basi ndani ya nyumba hii? Muke wake, au mbwa wa mlangoni?

Alhamisi, 18 Septemba

Nimempigia Zaituni. Sikumweleza. Nilimuuliza tu: mulikuwa munaniogopa?

Akacheka. Akasema mama, maswali gani hayo. Nikarudia swali.  Kimya chake kilikula mayunite ya simu yangu karibu yote.

Kisha akasema: "Mama, kuhusu tumbo la baba tulijua. Alisema tusikwambie, utakasirika."

Walijua. Zaituni anajua. Kaka zake wanajua. Hadija anajua, ndiyo maana alikohoa vile Jumatano ya kuonja, akasema mkono wako ni ule ule. Na kunichagua amenichagua kwa sababu gani? Kwa sababu nilivunja mwiko! Watu wamezoea mkono wake, ati. Wamezoea kelele zangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zote nilizovaa ni hawa.

Nimekasirika, ndiyo. Alisema nitakasirika, nimekasirika. Kwani mlitaka nini, nicheze ngoma?

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda mwenyewe chumbani kwa Rehema. Tangu ahamie sijawahi kuingia. Godoro, sanduku, msala, basi. Ametundika shati moja la Saidi msumarini. Lile la bluu, nilikuwa nalitafuta.

Nilikwenda kumwambia ahame. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Lakini nikaanza na swali jingine, la upishi, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndilo lililonikera kwanza. Nikasema kama alikatazwa pilipili, ile moja unayoielesha juu ya chungu ni ya nini? Weka usiweke, si bure?

Akajibu bila kunitazama.

"Mimi pilipili siipendi, bi mkubwa. Hata harufu yake. Ni yeye alinifundisha. Alisema weka moja, nzima, usiipasue, uitoe kabla sijakaa. Alisema maharage yasiyonuka kama ya kwa Mwajuma hayapiti kooni."

Nilisimama pale. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Sasa nifanye nini na hilo? Nani anaweza kukasirika vizuri na jambo kama hilo? Miaka yote hii muke mwenzangu anapika na harufu yangu ndani ya chungu chake, anaitoa kwa kijiko, anaitupa, hajasema neno. Mimi namwita mwoga. Nimemcheka. Nimeandika humu anapika msaada.

Saidi, kwa nini huku ulikuwa unasema na kule ulikuwa unasema, mbele yangu tu ndipo unanyamaza?

Sikumwambia ahame. Sikumwomba msamaha pia. Nilitoka.

Jumapili, 21 Septemba

Maharage yamelowekwa. Mabeseni mawili, ya msimu huu, Hadija ameleta mazuri safari hii, hakuna jiwe. Alinisalimia amahoro toka mlangoni bila kuingia, anatazama mkono wangu kama nimeshika kitu. Nilikuwa nimeshika ufagio.

Nimefikiri siku mbili. Nikipika kama ninavyopika, nimepika kile alichokuwa anakula kwa mateso, na watu watasema mashallah, na mimi nitajua. Nikipika kama Rehema, siyo chungu changu, na nyanya sitii hata malaika ashuke. Nikimwachia yeye mwiko watasema nimeshindwa. Waseme? Hapana, wasiseme. Mimi ndiye muke wa nyumba hii na nitapika mimi. Hilo halijabadilika.

Lakini pilipili itakaangwa pembeni. Mawese yake, ndagala zake, uji wake wa pilipili, sufuria ndogo. Itawekwa kwenye mabakuli katikati ya sinia. Mwenye kutaka ajitie.

Miaka kumi na minane sijawahi kumpa mtu huo uhuru. Nimeandika, nimesoma, nimeona aibu.

Jumatatu, 22 Septemba

Arbaini.

Moto tuliwasha kabla ya alfajiri. Rehema alikuwa ameshaamka, ameleta maji. Sikumwambia aje, sikumwambia aondoke. Nilipofika kwenye chumvi alikuwa na chumvi mkononi, nikasema bado, akasubiri. Yalipoiva nikasema sasa.

Wanawake walipoanza kuingia jikoni kutoa pole nilikuwa nimeshika mwiko kama inavyotakiwa. Rehema akataka kwenda mkekani. Nikamwambia unakwenda wapi, nani atanishikia hii sufuria, unadhani nina mikono minne? Kwa ukali. Sina sauti nyingine. Akabaki. Basi wakatupa pole wote wawili, wengine wakashangaa, shauri yao.

Hitima ikasomwa. Masinia yakatoka, uani kwa wanawake na barazani kwa wanaume. Kila sinia na bakuli lake la pilipili katikati, nyekundu, inang'aa mafuta. Mzee mmoja wa Magara, mchuuzi wa samaki, akapaza sauti kutoka barazani: "Mwajuma! Leo iko nini? Mbona maharage imepoa?" Nikamjibu kutoka ndani: iko kwenye bakuli, jitie mwenyewe! Watu wakacheka.

Kisha masinia yakarudi.

Maharage yameisha. Yamefutwa na tonge mpaka bati likaonekana. Mabakuli yamerudi yamejaa. La mzee wa Magara lilikuwa tupu, na lingine moja. Mengine yote yamejaa kama nilivyoyatoa, mafuta yameanza kuganda juu. La sinia la sheikh halijaguswa. La wapakuzi wa mawese, wale wa kila Ijumaa, halijaguswa! La Hadija. La majirani wote. Wale walionipigia makofi sokoni, walioniambia Mwajuma mkono wako, Mwajuma hakuna kama wewe.

Nilisimama na mabakuli yale nikayapanga mstari juu ya meza. Mji mzima. Mji mzima umekuwa unakula huku unalia na hakuna aliyeniambia punguza.

Rehema alikuwa nyuma yangu. Alitazama mabakuli, akanitazama mimi, nikaona anajizuia. Nikasema cheka. Akasema sicheki, bi mkubwa. Nikasema cheka tu, mimi mwenyewe nacheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nacheka, halafu nikaona siyo kicheko tena, naye akaona, akainuka, akaanza kuosha vyombo.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua ya kwanza jana na leo. Vumbi limelala. Sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe.

Hadija amekaa asubuhi, amekunywa chai vikombe viwili. Nilimuuliza kama alinichagua kwa kuniogopa. Akasema ndiyo. Nikasema haya. Tukanywa chai.

Rehema amepika leo. Nyanya tatu. Sikusema kitu juu ya zile tatu. Alipofika mwisho akachukua pilipili mbuzi, akasimama nayo, hajui aiweke au asiiweke, maana anayeihitaji hayupo. Nikasema weka. Akaiweka. Tukaitazama pale juu, mchuzi unachemka polepole. Mvua inagonga bati. Akaitoa nzima.

Nilikula. Ni mazuri. Yanakosa ndagala, na chumvi ilitangulia, nimemwambia. Amesema amesikia.

Bado nimekasirika nawe, mume wangu. Nimeomba dua, nimekusomea, nimekulilia, na bado nimekasirika, sitakudanganya kama ulivyonidanganya na kitambaa chako. Ungeniambia, Saidi. Ningepiga kelele siku mbili, tatu hivi. Halafu ningepika.